Kulia Tano, Yabana: Mchezo wa Magari Ulioingia Chama cha Kiswahili

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Katika makala haya nanuia kuwaelezea mchezo wa magari wa kompyuta ambao nilianza kuucheza muhula uliopita, jinsi unavyofanya kazi, na jambo moja ndani yake lililonifanya niupeleke mpaka kwenye mkutano wa Chama cha Kiswahili. Najua baadhi yenu tayari mmekunja uso. "Gemu tena! Na mtihani je?" Tulieni kidogo. Sikuja kuwafundisha kupoteza wakati. Makala haya ni ya lugha, ila lugha yenyewe imefunga mkanda na inakwenda kilomita 90 kwa saa.

Mchezo huo unaitwa EA Sports WRC. Herufi hizo tatu za mwisho ni za mashindano ya magari ya dunia, yale ambayo Safari Rally yetu ni mojawapo. Umetengenezwa na Codemasters, kampuni ya Uingereza ambayo mwaka 1998 ilitoa mchezo ulioitwa Colin McRae Rally na kupata sifa kubwa. Huu wa sasa ulitolewa tarehe 3 Novemba 2023. Kwa wenye nazo basi si mpya, lakini vitu kama hivi huja kwetu kwa miguu. Mimi niliuona mara ya kwanza kwenye saiba ya mjomba wangu hapa Nakuru. Mjomba ana kompyuta moja yenye nguvu ambayo haguswi na mtu wakati wa kazi. Jumamosi wateja wakishaondoka, nami nikishafagia na kupanga viti, huniachia saa moja tu. Saa moja ya mjomba ina dakika sitini kamili, hakuna nyongeza.

Kilichonivuta mara moja ni kwamba Kenya imo. Nilizoea michezo inayokupeleka katika miji ya Ulaya na Marekani ambayo hata kuitamka ni taabu. Hapa nilifungua orodha, nikapita Monte Carlo, nikapita Uswidi na Finland, nikafika kwetu. Macho yakanitoka! Niliona Soysambu na Malewa. Jamani, Soysambu ni hapo tu Elmenteita, mwendo wa matatu kutoka stendi yetu! Gari likaondoka, vumbi likapanda nyuma, migunga ikawa inapita huku na huku. Nilijisikia kama mtu aliyekuta picha ya nyumba yao kwenye kitabu cha Jiografia.

Kwa wale ambao hawaijui vizuri historia ya mashindano haya, nitaisema kwa ufupi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ilipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kutoka 1973 mpaka 2002 ilikuwa katika mashindano ya dunia. Katika miaka hiyo ya zamani magari yaliweza kwenda zaidi ya kilomita 4,000 kwa mashindano ya mara moja, kwenye barabara ambazo hazikufungwa, ng'ombe na malori yakiwa humo humo. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982. Baadaye mashindano yetu yalitolewa kwenye orodha ya dunia, yakarudi mwaka 2021, kitovu chake kikiwa Naivasha. Siku hizi barabara hufungwa na kugawanywa katika vipande vinavyoitwa mikondo, na kila gari hukimbia peke yake likishindana na saa.

Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na michezo mingine ya magari. Katika michezo mingi unawaona wapinzani mbele na nyuma, unasukumana nao kama matatu zinazogombania abiria, na unazunguka njia ile ile mpaka uijue kama kiganja chako. Katika rally uko peke yako. Barabara haizunguki. Nyuma ya kila kigongo kuna kitu ambacho hukijui, pengine jiwe, pengine mtaro, pengine kona iliyojikunja kama nyoka. Macho peke yake hayatoshi. Gari linakimbia kuliko macho yanavyoweza kuona.

Basi dereva anaponaje? Anapona kwa masikio. Kando yake ameketi mtu wa pili anayeitwa mwelekezi, akiwa na daftari mapajani. Kabla ya mashindano wawili hao hupita kila mkondo polepole mara mbili. Mara ya kwanza dereva hutaja kila kona jinsi anavyoiona na mwelekezi huandika. Mara ya pili husahihisha. Siku ya mashindano mwelekezi husoma daftari lile kwa sauti, akitangulia kona moja au mbili mbele ya gari. Akitangulia mno, dereva atasahau. Akichelewa, watakutana na mti.

Lugha ya daftari hilo ni ya tarakimu. Katika mchezo huu kona hupewa namba kuanzia 1 mpaka 6. Namba 1 ni kona kali sana inayotaka breki nzito, na 6 ni kona iliyonyooka karibu kuwa barabara tu, unaipita bila kuachilia mafuta. Baada ya kona hutajwa umbali kwa mita mpaka jambo linalofuata, kisha maonyo kama vile kona inabana mbele, kuna kigongo, au usikate pembe kwa kuwa kuna jiwe limejificha. Hayo yote husemwa bila kupumzika mpaka mwisho wa mkondo. Siku ya kwanza nilichukua gari dogo, Ford Fiesta Rally3, nikiamini kwamba dereva hodari ni yule anayekanyaga mafuta. La hasha! Mchezo huu haumtuzi anayekanyaga, unamtuza anayesikiliza.

Nikaanza kujiuliza kuhusu hao waelekezi. Jina la Shekhar Mehta tunalo vinywani, lakini ni wangapi kati yetu wanaomjua Mike Doughty, aliyesoma daftari kando yake katika ushindi wote wa 1979 hadi 1982? Au David Doig, aliyekuwa na Joginder Singh mwaka 1974 na 1976? Msema kweli hapewi kombe, hupewa kiti cha kando tu.

Sasa nifike kwenye kiini. Katika mchezo huu barabara ni ya kwetu, majina ni ya kwetu, lakini sauti ya mwelekezi si ya kwetu. Nilipekua orodha ya lugha zote, nikakuta Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na nyingine. Kiswahili hakimo. Kwenye kompyuta ya mjomba mwelekezi husoma Kiingereza, tena Kiingereza cha mbio. Mimi nilikizoea baada ya wiki kadhaa. Lakini jirani yangu wa dawati, ambaye mjomba alimruhusu kujaribu, kila Jumamosi aliishia mtaroni. Kijana huyu ana mikono mizuri kuliko yangu. Kila anaposikia neno, kwanza anageuza kichwani, na akimaliza kugeuza, gari limeshapinduka.

Nikamwambia mjomba, "Mjomba, naomba tuzime huyo mzungu, tusome wenyewe kwa Kiswahili."

Mjomba akacheka mpaka akashika meza. "Mpwa wangu, Kiswahili ni cha hotuba na taarabu. Hakiwezi mbio. Lugha yenyewe imesema haraka haraka haina baraka!"

"Imesema pia chelewa chelewa utampata mwana si wako," nikamjibu kwa heshima.

Alinyamaza, lakini maneno yake yalinichoma. Ni maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi kwa namna nyingine, kwamba Kiswahili ni kirefu, hakifai kwa sayansi, hakifai kwa kompyuta, hakifai kwa jambo lolote lenye haraka. Je, ni kweli? Katika Safari Rally ya mwaka 2022 walioshinda ni Kalle Rovanperä na mwelekezi wake Jonne Halttunen, Wafini wanaosomeana Kifini. Kushoto kwa Kifini ni vasen na kulia ni oikea. Hayo si maneno mafupi kuliko yetu kwa kiasi cha kutisha, na Wafini hawajambo katika mbio hizi. Nikaona shida haiwezi kuwa urefu wa neno peke yake.

Tukalipeleka jambo hili kwenye Chama. Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika mkondo mmoja wa Kenya. Mjomba alitupa Jumamosi mbili, tukawa tunasimamisha mchezo kila baada ya kona na kuandika kwenye kaunta buku. Daftari letu la kwanza liliandikwa kwa Kiswahili safi cha insha. Sentensi moja ilikuwa hivi: "Kona ya kushoto ya kiwango cha tatu, baada ya mita mia moja kuna kona ya kulia ya kiwango cha tano ambayo inazidi kubana." Sarufi ni sawa, hata mwalimu angeipa alama zote. Tukaisoma mbio mbio huku mmoja akishika saa. Sekunde 7.

Hebu tupige hesabu. Kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa kila sekunde. Kwa sekunde 7 gari limekwenda mita 175. Msomaji anapofika kwenye "inazidi kubana", dereva ameshapita kona ya kwanza, amemaliza mita mia, na ile kona ya pili yuko ndani yake tayari, akiomba Mungu. Mjomba akanitazama kwa jicho la "si nilikuambia?"

Tukaketi tena, tukaanza kupunguza. Kwanza tukagundua kwamba maneno mengi katika sentensi ile hayafanyi kazi yoyote. "Kona ya" haina haja, kwani dereva anajua tunaongea kuhusu kona. "Kiwango cha" pia haina haja. "Ambayo inazidi kubana" ikawa "yabana". Litazameni neno hilo vizuri. Lina silabi tatu, na ndani yake kuna kona, kuna wakati, kuna tendo. Ni sentensi nzima! "Usikate" nalo ni neno moja lenye amri, lenye kukanusha na lenye kumlenga mtu. Hii si lugha ndefu. Makanga wetu wa matatu wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana hawamwambii dereva "tafadhali simamisha gari ili abiria ateremke". Wanasema "shukisha", na gari linasimama.

Shida ya pili ilikuwa kubwa kuliko urefu, nayo ni mfanano. Kulia na kushoto yote yanaanza na "ku". Injini ikinguruma unasikia "ku" tu, halafu unabahatisha. Mmoja wetu alileta neno la wazee, mkono wa kuume, lakini nalo lina "ku" hiyo hiyo, na wengi darasani hawalitumii. Mwisho tukaacha "kulia" kama lilivyo, tukakata "kushoto" likabaki "shoto". Sasa sauti ya kwanza tu inatosha. Ukisikia "ku" ni kulia, ukisikia "sho" ni kushoto.

Vivyo hivyo tatu na tano. Zote zinaanza na "ta", na tofauti ya kona ya 3 na ya 5 ni tofauti ya kufika na kutofika. Tukajaribu kuiita tano "hamsa", neno la zamani lenye asili ya Kiarabu. Likapendeza, mpaka tulipofika mahali penye kona ya tano ikifuatwa na mita hamsini. "Hamsa hamsini!" Msomaji mwenyewe alijikwaa. Ndipo dada mmoja wa Kidato cha Pili, bingwa wetu wa kughani mashairi, akauliza kwa sauti ya chini, "Si tatu tuiite figa? Mafiga ya jiko huwa matatu." Chumba kizima kilipiga makofi. Tangu hapo kona ya 3 ni figa, na tano imebaki tano.

Tukaweka pia kanuni moja ya mpangilio. Upande hutangulia namba daima, "kulia mbili", si "mbili kulia". Kwa nini? Kwa sababu ukisema "mia, mbili kulia", dereva atasikia mia mbili, yaani mita 200, naye atalegea wakati kona imeshafika. Hii hapa orodha yetu kama ilivyo kwenye daftari:

Shoto, kulia: upande wa kona.
Moja, mbili, figa, nne, tano, sita: ukali wa kona, moja ikiwa kali zaidi.
Kunja: kona inayogeuka na kurudi ilikotoka.
Pembe: kona ya nyuzi 90.
Yabana: kona inazidi kuwa kali mbele.
Yapanuka: kona inalegea mbele.
Kigongo: barabara inapanda na kushuka, huoni ng'ambo.
Ruka: gari litaacha ardhi, nyoosha usukani.
Usikate: usipite ndani ya pembe.
Papo: jambo linafuata bila nafasi kati.
Chunga: hatari, punguza mwendo.

Ile sentensi ya sekunde 7 sasa ikawa: "Shoto figa, mia, kulia tano, yabana." Tukashika saa. Sekunde 2, sawa na mita 50. Tulikuwa tumeokoa mita 125 bila kuazima neno lolote.

Siku ya majaribio tulishusha sauti ya mwelekezi wa kompyuta mpaka sifuri, tukaficha na michoro ya kona iliyo kwenye kioo, ukabaki mngurumo wa injini. Msomaji alikuwa yule dada mghani, aliyekuja na kaka yake. Tulimchagua kwa sababu anajua kupumua. Mtu anayeweza kughani beti kumi bila kukatika hawezi kushindwa na kona. Mimi nikashika padi. Nilifika mwisho wa mkondo nikiwa nyuma kwa sekunde 4 kuliko wakati wangu bora wa Kiingereza. Sitaupamba ukweli, sikuwa na kasi zaidi. Nilikuwa na wiki nyingi za Kiingereza na siku moja ya Kiswahili.

Kisha akaketi jirani yangu wa dawati. Saiba ikanyamaza. "Kulia nne, sitini, kigongo, papo shoto mbili, usikate..." Sauti ya dada ilikuwa tulivu, kijana naye hakutafsiri kitu. Mikono yake ilikuwa inageuka kabla neno halijaisha. Mwisho wa mkondo ulipofika hakuamini, akaendelea kushika padi kana kwamba kuna kona nyingine inakuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumaliza bila kupinduka. Tulipiga kelele mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Mjomba alikuja taratibu, akatusukuma kando, akasema, "Hebu nipisheni na mimi. Dada, nisomee."

Sasa ndugu wasomaji, mtaniuliza mchezo wenyewe naupa alama ngapi. Kwa barabara zake, kwa vumbi lake na kwa namna unavyokulazimisha kusikiliza, naupa nyingi sana. Kwa kutuletea Safari bila lugha ya Safari, napunguza. Wala tusingoje watengenezaji waturekebishie. Mwaka 2025 Codemasters walitangaza kwamba hawataendelea kuuongezea mchezo huu mambo mapya. Kama tunataka Kiswahili ndani yake, njia iliyopo ni hii yetu ya kaunta buku na mtu wa kusoma. Nami naongeza neno moja kwa wale wenye kaka wa bodaboda: mambo haya ni ya kwenye kioo. Barabara ya kweli haina kitufe cha kurudia.

Funzo nililolipata si gumu. Tuliposema Kiswahili ni kirefu, tulikuwa tunakisingizia. Sisi ndio tunaokirefusha, kwa sababu tumezoea kujaza kurasa za insha. Lugha yenyewe ina maneno mafupi na makali kama kisu, na pasipo neno hukubali kuundiwa, hata kutoka jikoni.

Kazi haijaisha. Kuna kitu kimoja cha Naivasha ambacho bado hatujakipatia jina. Ni lile vumbi laini mno, lenye kina, linalofunika mawe na kumeza magurudumu. Madereva wa kigeni huliita fesh-fesh. Sisi tumependekezewa "unga", "jivu" na "tifu", na Chama kimegawanyika vipande vitatu. Daftari liko kwenye kabati la Chama, na tunakutana Alhamisi baada ya vipindi. Mwenye neno, liwe la silabi mbili tafadhali, na alilete. Kalamu yangu naiweka chini.